Mama, Hukunywa Uraka

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui ni nani anakusomea barua hii, maana wewe kusoma hukujaliwa. Namwomba asome polepole, na asome asubuhi, wakati una nguvu.

Ni mimi Somoe. Nimeolewa, naishi Mkomaindo hapa Masasi, na nina mtoto wa kike wa miezi mitatu. Nimempa jina lako. Watu wakiniita Mama Rukia wanakutaja wewe mchana kutwa, na wala hawajui.

Nakukumbuka kule Mnyambe, Newala, mimi nikiwa darasa la tano. Asubuhi ulikuwa unatwanga mpaka kinu kinasikika nyumba ya tatu, halafu unanisuka huku unaimba. Jioni ulikuwa mtu mwingine. Kope ya jicho la kushoto ilishuka, kisha ya kulia. Ulishika kidevu kwa mkono ndipo utafune ugali. Maji uliyokunywa yalitokea puani. Siku moja ulimimina uji nje ya bakuli, ukasema unaona mabakuli mawili, nami nikacheka. Ulipotaka kucheka na wewe, mdomo ulikunjika kama umekasirika, nikaogopa. Maneno yako yakawa yanaburuzika, yanatokea puani.

Ulikuwa msimu wa korosho, na msimu wa korosho ndio msimu wa uraka, pombe ya mabibo. Mabibo yakikamuliwa yakaachwa yachache, kila mtu anajua jioni yake inakuwaje. Kwa hiyo mtu anayeburuza maneno jioni hakuulizwa anaumwa nini.

"Asubuhi mzima, jioni hoi," alisema shangazi. "Ugonjwa gani huo unaojua saa?"

"Chupa ndiyo inayojua saa," baba akamjibu.

Shangazi akaniita pembeni. Akaniambia niende nikakukumbatie, ninuse mdomo wako, nirudi nimwambie ukweli. Nikaja. Ulinipokea ukanipakata, ukidhani nimekuja kwa mapenzi. Nikarudi nikasema, mbele ya baba, "Ananukia mabibo."

Mama, ilikuwa kweli. Ulikuwa umeshinda shambani ukiokota mabibo na kunyofoa korosho, maji yake yamekukaukia kwenye kanga. Mimi nilinukia mabibo. Shangazi mwenyewe alinukia mabibo. Mnyambe nzima ilinukia mabibo. Ila aliyenuswa ni wewe peke yako.

Baba alikupa talaka wiki ileile. Jioni ya kuondoka, kope zote mbili zilikuwa zimefunga. Ukainyanyua moja kwa kidole ili unione. Ukasema, "Sikunywa, Somoe. Wewe unajua." Nilikuwa naangalia kile kidole.

Ulivuka Ruvuma kwenda kwa mama yako mdogo, upande wa Msumbiji. Tukasikia uko Mueda. Baada ya hapo hatukusikia kitu, ndiyo maana barua hii naituma hukohuko Mueda ikutafute.

Sasa nikwambie kwa nini naandika. Mwezi uliopita nilimpeleka Rukia kwenye chanjo. Kwenye benchi letu alikaa dada mmoja wa kutoka Chiwata, kope moja imelala jichoni. Mume wake alisimama nyuma yake amekunja mikono. Daktari, mama mmoja mgeni huku kwetu, alimwambia dada aangalie juu darini bila kushusha macho. Kidogo tu, kope ya pili nayo ikaanza kushuka. Daktari akaenda kwenye kasha la chanjo za watoto, akatoa kipande cha barafu, akakifunga kwenye kitambaa, akakiweka juu ya lile jicho la kwanza.

"Daktari, mpime na pombe," alisema yule mume.

"Baba, shika hapa badala ya kusema," daktari akamjibu, akampa barafu aishike mwenyewe.

Dakika mbili. Walipoitoa, jicho likafunguka. Yule mume akaangalia barafu, akaangalia jicho, akakaa chini.

Mimi nililia mpaka nesi akanipokea mtoto. Mama, barafu. Huko Newala watoto wanauziwa barafu za ukwaju getini pa shule. Nilikuwa nazinunua.

Nilimweleza daktari habari zako zote, hata uji. Akaniandikia jina nyuma ya kadi ya kliniki: miasthenia gravisi. Alisema kinga ya mwili, ile ya kupigana na maradhi, inakosea na kushambulia mahali ambapo mshipa wa fahamu unaupa msuli amri. Msuli ukipumzika unapata nguvu, ukitumika unachoka, ndiyo maana asubuhi mtu ni mzima. Ugonjwa huu hauambukizi. Si uchawi. Unawapata wachache, mara nyingi wanawake wangali vijana, na wanaume wakishakuwa wazee. Nikamuuliza huku kwetu wako wangapi. Akasema hajui mtu aliyewahesabu, na wengine huenda wanaitwa wavivu au walevi tu. Kutibiwa unatibika, Mama. Kuna vidonge vya kurudisha nguvu, na dawa za kutuliza hiyo kinga.

Nilikwenda Mnyambe kuwaambia. Baba alisema yameshapita. Shangazi akasema, "Kwani sisi tulikuwa madaktari?"

Nikamwambia, "Hamkuwa madaktari, shangazi. Lakini kuhukumu mliweza."

Hajaniandalia chakula tangu siku hiyo, na sikitaki. Hasira yao ninaiweza. Ninayoshindwa nayo ni yangu mwenyewe, kwa yule mtoto uliyempakata, aliyekuja kukunusa.

Daktari anasema wapo wanaoishi na ugonjwa huu miaka mingi. Hilo nimelishika. Lakini kasema pia unaweza kukaba koo na pumzi. Kwa hiyo, wewe unayemsomea, nisikilize. Akishindwa kumeza au kupumua, msisubiri asubuhi kwa kuwa asubuhi huwa mzima. Mkimbizeni hospitali. Na kabla hajapewa dawa yoyote, hata kwinini ya malaria, aseme jina la ugonjwa huu, maana zipo zinazouzidisha.

Mama, mume wangu amekubali uje ukae kwetu. Ukifika jioni, usijisumbue kunyanyua kope kwa kidole. Kaa tu mlangoni. Nitakuja na barafu, nikushikie mwenyewe hizo dakika mbili, na ukifungua jicho utamwona mwenye jina lako. Mimi utaniangalia baadaye, ukipenda.

Hukunywa. Nilijua.

Mwanao Somoe,
Mama Rukia