Vigingi vya Kijito cha Mandarra

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Yalgarra, Australia Magharibi. Alhamisi, 12 Juni 2025, saa 7:20 mchana.
Jina: Clifton Djarri. Umri: miaka 54. Kazi: mlinzi wa ardhi ya jadi. Makazi: Mandarra.

Naomba Serikali ijue rasmi kwamba Jumatatu tarehe 9 Juni, saa 3:00 asubuhi, gego la mke wangu Noreen liling'olewa zahanati. Sajini amecheka, anasema jino si la kesi hii. Sajini, wewe andika tu.

Siku hiyo nilitakiwa niweke vigingi na utepe kuzunguka mawe yaliyopangwa na wazee wetu kando ya kijito, ili greda la barabara lisiyaguse. Mpaka wa mawe hayo anaujua mama mkwe wangu. Ni nchi ya baba yake. Kwa mila yetu, mimi na yeye hatusemezani wala hatutazamani. Noreen ndiye hutembea katikati akibeba maneno. Noreen alikuwa zahanati.

Mama mkwe alitangulia, akidondosha matawi mabichi penye mpaka. Nilifuata kwa mbali, macho chini kama mwizi wa kuku. Kufika kijitoni nikasikia akimwambia mbwa wake, "Wewe, mwambie mtu fulani amngoje mke wake. Ng'ambo bado!"

Nilisikia vizuri. Ila saa 7:00 kulikuwa na mpira kwenye televisheni. Nikapigilia kigingi cha mwisho pale pale, nikaenda zangu.

Jumatano tarehe 11, saa 2:10 asubuhi, nilikuta greda limesimama ng'ambo ya kijito. Mawe kumi na manne yalikuwa yamesukumwa kwenye tuta la udongo. Pale kila jiwe lilipokaa hapajulikani tena. Dereva, Troy Hensley, alinikimbilia.

"Mjomba, si nimefuata utepe wako? Waambie basi!"

Watu walikuwa wamejaa. Nikasema, "Umeruka vigingi, kijana." Ndipo mkamleta hapa.

Mama mkwe alikaa chini, ametupa mgongo, akipangusa jiwe kwa upindo wa gauni. Hata mbwa hakumwambia kitu.

Troy hakuruka kigingi. Ng'ambo hapakuwa na kigingi cha kuruka. Nilijua mpaka haujaisha, nikaufunga.

Nimesema haya kwa hiari yangu, na ni kweli kuliko niliyosema jana.

(Sahihi) C. Djarri

Nimemsomea shahidi maelezo haya; hakubadilisha neno. Hensley ameachiwa saa 8:05 mchana. Shahidi amebaki kituoni.
Sajini R. Pruett