Sauti Yako Kinywani mwa Henrik

Kaka yangu Mihayo,

Nakuandikia nikijua kwamba barua hii nitaisoma kwa sauti leo, hapa Goweko, mbele ya ndugu na majirani waliokuja kuondoa tanga lako. Wamenitaka nitoe neno la familia kuhusu ombi la Henrik. Nimeona ni haki neno hilo ulisikie pamoja nao.

Tangu tukuzike, tumbaku imeshaingia bani kukaushwa, na watoto wa mtaani kwako Isevya wanaimba mashairi yako wakienda shule. Mama ndiye hajatulia.

Siku ya mazishi, mtani wetu Mwanahawa, Mzaramo, alivaa koti lako kama desturi inavyomruhusu. Akatembea kwa maringo yako, akaonja ugali, akanuna: "Ugali gani huu, Wanyamwezi? Mnataka nife mara ya pili?" Tulicheka na machozi yakitutoka. Babu alitusimulia kwamba utani huu ulikomaa katika njia ya misafara, wapagazi wetu walipokuwa wakifia ugenini na watu wa pwani wakawazika.

Henrik, rafiki yako Mzungu uliyemfundisha kughani kwa Kiswahili, aliyaona hayo, akadhani ruhusa ile ni ya kila akupendaye. Mwanahawa alipolivua koti, yeye akalivaa. Akaghani ule ubeti wako unaosema "mimi" kwa kinywa cha babu mpagazi, ambao hukuwahi kuurekodi.

Hakuiga, kaka. Ilikuwa sauti yako, pamoja na ule mluzi mwembamba wa kifua chako mwishoni mwa kila mstari. Mbwa walijikunyata ukutani. Ndani ya nyumba, mama akaitika: "Abee, mwanangu. Umechelewa, chakula kimepoa."

Tangu siku hiyo anakuandalia sahani. Ananiuliza kwa nini unasema nje tu, huingii.

Sasa Henrik anaomba ridhaa yetu ili autoe ubeti huo kwao, katika albamu yake. Vijana wamenibishia: "Dada, kuchana mistari kwenyewe Mihayo si alijifunza kwa Weusi wa Marekani?" Ni kweli. Uliazima mdundo wao, ukautwika mzigo wa kwetu. Lakini hukusema "mimi" ukimaanisha babu yao. Tena milango uliyoigonga wewe pasipo kuitikiwa itamfungukia yeye, kwa maneno yale yale. Hilo siwezi kulifumbia macho, ingawa najua anakulilia kwa dhati.

Mwanahawa alilivua koti, akasugua masufuria ya msiba, na akifiwa yeye tutakwenda kumtania marehemu wake. Basi nikamuuliza Henrik: siku ya msiba kwenu, sisi tutavaa koti la baba yako?

Akajibu, "Sijui, dada."

Neno lile, "dada", lilitoka na mluzi. Akajiziba mdomo. Akaniambia kwa kidole, akiandika mchangani, kwamba hakukusudia, na kwamba siku hizi hata akisali husikika hivyo.

Kwa hiyo, ndugu mliokusanyika, na wewe kaka uliye chini ya udongo huu, neno la familia ni hili: hapana. Ubeti ule unabaki Goweko. Henrik, unayenisikiliza hapo mkekani, endelea kughani, hatukufukuzi. Andika wa kwako. Wazee wako nao walipita njia hii, mizigo yao ikiwa vichwani mwa wazee wetu. Waseme wao kupitia kwako. Na sauti ya kaka yangu uiache, kama ungali unaweza.

Pumzika, Mihayo. Umeghani vya kutosha. Mimi nakuahidi jambo moja: sauti yako ikisikika tena uani, nitatoka kuangalia ni nani kabla mama hajaitika. Na nikikuta hakuna mtu, nitaitika mimi.

Mdogo wako,
Kabula