Meza Iliyoikimbia Kodi

Mwanza, Jumatano, baada ya swala ya alfajiri

Kwako dada yangu Somoe, uliyenilea,

Asalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, na goti la shemeji linamruhusu kwenda shambani na kurudi. Uliniambia mvua imewahi na mpunga wa bondeni umeshasimama. Je, nguruwe wamewaachieni kitu? Na nani analala dunguni kuulinda safari hii, maana shemeji kwa goti lile hawezi kupanda? Mimi mwili ni mzima. Mengine ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Juzi uliponipigia ukasema umeshapiga picha za pasi, na kwamba wewe na wenzako wa Kibiti mnatakiwa kumalizia malipo ya hija kabla ya mwisho wa mwezi, nilisema alhamdulillah, nikasingizia mtandao, nikakata. Mtandao haukuwa na shida. Kwenye simu ningeisikia sauti yako nikarudi kule kule kwenye uongo. Kwa hiyo nimemwomba mwanao Hamisi aipokee barua hii stendi ya Dar akuletee mkononi. Isome mwenyewe, dada. Usimpe mtu akusomee.

Mimi si karani wa mapokezi. Hoteli ipo kweli, lakini miaka kumi na mmoja sikukaa mapokezi hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa ghorofani, kwenye chumba cha karata. Mchezo wenyewe unaitwa poka. Watu wanaizunguka meza, wanashindania pesa wao kwa wao, na mimi niko mbele yao nagawa karata. Sijawahi kucheza. Chumba kinachukua sehemu yake kidogo katika kila pesa inayowekwa mezani, na humo ndimo ulimotoka mshahara wangu. Ndimo yalimotoka mabati ya nyumba yako. Ndimo zilimotoka hela zote nilizokutumia za hija.

Pumzika kidogo ukitaka. Mimi pia hapa niliweka kalamu chini.

Nilipofika Mwanza niliomba kazi ya mapokezi, nikaambiwa imejaa, ila vidole vyangu vyepesi na ghorofani wanamtaka mtu. Nikajiambia mwezi mmoja tu. Ukaniuliza nimepata kazi gani, nikasema hotelini. Siku ile sikudanganya sana. Nilidanganya siku zote zilizofuata.

Sasa nikueleze habari ya kodi, maana bila hiyo hutaelewa tulifikaje hapa. Wewe unayajua makato ya korosho. Unapeleka magunia chama cha msingi, bei inatangazwa, ushuru huu na ule unatoka, unanung'unika njia nzima mpaka Ruaruke, lakini wamekata katika korosho ulizovuna. Kwa mchezaji wa poka ni vingine. Anayeshinda leo anakatwa dirishani kabla hajaishika pesa yake, na hakuna anayemuuliza jana alipoteza kiasi gani. Chumba nacho kinalipia kila meza, ikaliwe isikaliwe, halafu kinalipa tena katika hicho kidogo kinachokusanya.

Alikuwapo mzee mmoja, Mzee Bulugu, mpima ardhi mstaafu, aliyekuwa akija kila Jumamosi mchana na chupa yake ya chai ya tangawizi. Mimi aliniita "mtu wa pwani". Siku moja alishinda baada ya wiki nyingi za kupoteza. Akatoka dirishani, akasimama karibu yangu huku akiitazama ile risiti ya makato.

"Mtu wa pwani," akasema, "nikipoteza Jumamosi tano, serikali haiji kunipa pole. Nikishinda ya sita, naikuta mlangoni. Hivi ndivyo inavyotakiwa?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Mwenye chumba ni mjane, tunamwita Mama Koku. Alipokuwa na meza sita tulikuwa watu kumi na wawili. Wachezaji wakaanza kupungua, meza zikawa nne, zikawa mbili. Aliuza jenereta. Alikwenda ofisi ya kodi kuomba alipe kidogo kidogo, wakamsikiliza vizuri, wakampa miezi, lakini miezi nayo ikafika. Hata siku moja sikumsikia akisema kodi ni mbaya. Alisema hii nguo imeshonwa kwa vipimo vya makasino makubwa, na yeye akiivaa anaikanyaga.

Wachezaji wale hawakuwa wameacha kucheza. Walikuwa wamehamia majumbani, huko mitaa ya milimani, mahali pasipo na dirisha wala risiti. Mama Koku alipojua hivyo alifunga chumba, akawaaga wenzangu wote, akaniita mimi peke yangu. Akasema amepanga nyumba.

"Sikulazimishi, Athumani. Ila ukija, nitakulipa mara mbili."

Wewe wakati huo ulikuwa umebakiza kidogo kukamilisha hija. Nikasema nitaimalizia, kisha niache. Yaani, dada, nilikwenda kugawa karata za kificho ili wewe ukaitufu Al-Kaaba. Nikiliandika hivi naona haya. Wakati ule niliona ni wema.

Tulikuwa tunacheza mchana, Jumamosi, mapazia yameshushwa. Majirani waliambiwa ni kikao cha harusi. Karibu na mlango tuliweka daftari la michango, na Mama Koku alipika pilau ili harufu ithibitishe. Jirani mmoja aliwahi kumuuliza hiyo harusi mbona haifiki.

Jumamosi tatu zilizopita alikuwepo mnunuzi mmoja wa mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, mtu mnene mwenye maneno mengi. Katika chumba cha zamani hukai mezani mpaka umenunua vidude vya kuchezea dirishani, kwa pesa taslimu. Kule nyumbani hakuna dirisha, basi alikuwa anacheza kwa ahadi. Akapoteza, akaahidi, akapoteza tena. Zote zilikwenda kwa Mzee Bulugu. Ilipofika saa ya kulipa, akasema mimi na Mzee tumepanga karata. Wallahi, dada, hatukupanga. Mzee akafunga chupa yake ya chai, akasimama.

"Nipe changu niende nyumbani," akasema.

Walitoka nje wakibishana. Nyumba ile ina ngazi za mawe zinazoshuka mpaka barabarani, nyembamba, hazina pa kushika. Yule mtu alimsukuma kifuani kwa mkono mmoja. Nilikuwa mlangoni, niliona. Mzee alianguka kinyumenyume, kichwa kikalia kwenye jiwe.

Mezani walikuwepo watu saba. Sijui walipitia wapi. Nilipoinua macho nilibaki mimi, Mama Koku na sufuria ya pilau.

Nikamchukua kwa bajaji mpaka hospitali. Mama Koku alinishika mkono akaniomba kwa jina la Mungu nisiseme alipokuwa, kwa sababu meza yetu haina leseni, haijalipiwa kodi, kwa serikali haipo kabisa. Nikamwandikisha kwamba nimemwokota njiani, ameteleza kwenye mawe. Mzee mwenyewe alipozinduka akasema hivyo hivyo. Nilidhani ananilinda. Baadaye nikajua kwamba binti yake aliamini Jumamosi zote zile anakwenda mkutano wa wastaafu. Alikuwa na uongo wake wa nyumbani, kama mimi.

Binti huyo anaitwa Minza, ni mwalimu wa sekondari. Alikuja mbio wodini, akanishika mikono yote miwili akanishukuru. Akaniita kaka. Wiki iliyofuata akaniletea mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akasema kwao mtu aliyemwokota mzazi wako ni ndugu. Mfuko upo hapa chumbani. Sijathubutu kuufungua.

Nilikuwa nakwenda wodini kila siku. Mzee alikuwa akisema vizuri asubuhi, ikifika mchana maneno yanapotea. Niliomba apone ili niwe sikuua mtu. Nisamehe, lakini ndivyo nilivyoomba, kwa ajili yangu kwanza.

Jumapili alifariki.

Wamemzika juzi. Jana nilikwenda msibani. Wakaniweka kiti cha mbele, pamoja na wajomba. Mzee mmoja wa ukoo akasimama akaniambia mbele ya watu wote kwamba Mungu atanilipa kwa wema wangu. Nilikuwa nimeshika sahani ya chakula, nikaiweka chini ya kiti. Nikamwomba Minza tuzungumze nyuma ya nyumba, penye mapipa ya maji, nikamwambia yote. Karata, nyumba, ngazi, na kwamba nilikuwa mlangoni.

Hakulia wala hakunitukana. Aliuliza swali moja.

"Aliyemsukuma unamjua jina?"

"Namjua."

"Kesho saa mbili asubuhi tunakwenda polisi. Nitakupitia."

Nikamwambia asisumbuke, nitakwenda mwenyewe tukutane huko.

"Nitakupitia," akasema tena, akarudi kwa wageni.

Nimempigia Mama Koku tangu jana, simu yake imezimwa. Ana watoto watatu, namwonea huruma, na jina lake nitalitaja. Langu pia. Sijui watanifanya nini. Niligawa karata pasipo na leseni, nikaficha habari ya mtu aliyesukumwa akafa. Naogopa, dada.

Mtaani watasema kodi ndiyo iliyomuua Mzee. Wengine watasema kamari. Mimi nilikuwepo. Kodi ilikuwa nzito, ilituelemea, na yule aliyeipanga hakumjua mtu kama Mzee Bulugu. Lakini kule kwenye kodi kulikuwa na dirisha na mlinzi mlangoni, na mtu hachezi kwa ahadi. Tulipoikimbia kodi tulivikimbia na hivyo.

Sasa hija yako. Sina elimu ya kukufundisha. Muulize mwalimu wa madrasa, unitaje au usinitaje, nimechoka kuchagua nani ajue nini. Akisema hela hizi haziendi Makka, nakuomba usinilaani siku hiyo hiyo, subiri kidogo. Hela za miaka ya kwanza hazina tofauti na za miezi hii mitatu ya nyumba ya Mama Koku, usijidanganye kwa ajili yangu. Najua ulikuwa umeshawaaga watu. Najua shangazi alishakupa majina ya marehemu wa kuwaombea Arafa. Ningekatwa mkono usingeniuma kama hili.

Na shamba la korosho msiliuze kuniwekea wakili. Hilo nakukataza, mimi mdogo wako, kwa mara ya kwanza maishani.

Nisalimie shemeji, mwambie aache kujifanya kijana. Msalimie shangazi wa Mahege, na mjomba anayeuza nazi kituoni Kibiti, na mama jirani aliyeninyonyesha ulipokuwa umekwenda kulima. Wanao wote nawabusu. Mwalimu wa madrasa mpe salamu zangu kabla hujamuuliza lile swali, asije akadhani salamu ni ya kumbembeleza.

Nilitaka kuandika zaidi, lakini hodi imeshapigwa. Haijafika hata saa moja na nusu. Nimechungulia, ni Minza, amekaa kwenye ngazi na nguo zake nyeusi. Amesema nimalize ninachoandika, yeye atasubiri. Nadhani atakaa pale mpaka jioni ikibidi.

Barua nampa yeye anisaidie kuipeleka kwenye basi, maana sijui kama mimi nitatoka huko polisi.

Mdogo wako,
Athumani