Mama Amefeli, Chai Iko kwenye Chupa

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mdogo asitoke bila sweta. Baba akumbushwe kuzima jiko, mnamjua.

Matokeo ya mtihani wangu wa uuguzi yametoka leo alfajiri. Nimefeli. Nilijifungia bafuni, nikafungulia maji ili msinisikie nikilia. Baba yenu akagonga: "Mama watoto, unaoga au unaliosha bafu lenyewe?" Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Nilipomwonyesha simu alinifuta uso kwa taulo. "Rudia tu," akasema. "Na mimi napika tangu uanze masomo, ndiyo kwanza wali wangu umeanza kuiva."

~~Msimwambie Bibi.~~ Mwambieni Bibi. Aliniombea sana, asije akasikia kwa majirani.

Napitia chuoni kujiandikisha upya kabla sijaingia zamu. Kilichoniangusha ni hesabu za vipimo vya dawa. Kwa hiyo, dada mkubwa, wewe unayezipenda hesabu, kuanzia jioni hii ndiye mwalimu wangu. Nitakaa mezani na kalamu yangu, nitanyoosha mkono kabla ya kuuliza, na nikikosea unifokee kama ninavyokufokea.

Ila usisahau nani alikuzaa.

Mama yenu