Dhahabu ya Mansa Musa Haikufika Masumbwe

Nyasubi, Kahama
Jumapili jioni

Kaka yangu Stanslaus,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mwanza, wewe, wifi na watoto. Mama hajambo, ila kiuno kinamsumbua tangu baridi ilipoanza. Mimi ni mzima wa mwili. Utashangaa kuletewa karatasi wakati simu zipo. Kwenye simu ungenikatiza, na leo nataka unisikilize hadi mwisho.

Baba ametoka hospitali. Plasta imefika pajani. Daktari anasema mfupa utaunga, lakini kulima kwa plau asahau.

Unakijua kipindi changu cha historia redioni. Mwaka huu nilisimulia Zama za Kati, na hakuna kisa kilichowashika watu kama safari ya Mansa Musa, mfalme wa Mali, aliyekwenda Hija mwaka 1324. Nilieleza alivyovuka Sahara na maelfu ya watu, ngamia wakilemewa na dhahabu, na alivyoigawa Kairo kama mtu anayewarushia kuku mtama, mpaka bei yake ikaanguka sokoni kwa miaka. Wachimbaji walinipigia wakicheka, wakasema wangekuwa Kairo mwaka ule wangelia machozi. Mmoja wao, Pantaleo wa Masumbwe, akaniuliza walioichimba ile dhahabu walikuwa akina nani. Nikamjibu kwamba tunalijua jina la mfalme, lakini majina ya wachimbaji hayakuandikwa. Akasema, "Basi walikuwa kama sisi, dada." Siku hiyo nilitoka studio nikijiona nimefanya kazi ya maana.

Halafu ikaanza kuzunguka sauti kwenye makundi ya simu. Ilikuwa sauti yangu, ikisema dhahabu ya Mansa Musa iko Masumbwe. Sijawahi kusema hivyo. Mfalme yule alitoka Afrika Magharibi, akapita jangwani hadi Misri na Maka. Huku kwetu hakukanyaga. Nilikanusha redioni, lakini nani anasikiliza kukanusha? Watu wa Kishapu waliiacha pamba imepasuka shambani wakaenda kuchimba. Baba naye akaenda. Hakuniaga. Alimwambia Mama kwamba binti yake amesoma, hawezi kudanganya watu, akabeba sululu.

Duara, lile shimo la kuchimbia, lilimtitia. Matimba ya kuzuia kuta yalikuwa machache na mabovu, maana mwenye duara alikuwa na haraka. Pantaleo ndiye aliyemfukua kwa mikono, kucha zikamtoka, na ndiye aliyenipigia simu. Nilipofika wodini Baba aligeukia ukutani. Aliniambia, "Umenizika nikiwa hai, Asteria." Tangu hapo nikimpa shikamoo haitikii.

Wewe ulipiga simu kila siku. Ulilia. Uliniambia niache redio kwa sababu ulimi wangu umeleta balaa nyumbani, nami nikakuomba msamaha, kaka. Nilipiga magoti kabisa, simu sikioni, kama vile unaniona.

Wiki iliyopita Pantaleo alinitumia ile sauti. Nilikuwa nimeikimbia, sijawahi kuisikiliza yote. Mwanzo wake ni wa studio, naujua. Lakini pale inaposema "iko Masumbwe, chini ya miguu yetu," nyuma yake kuna mchi unatwanga. Studio hatuna kinu. Ule ni mchi wa Mama. Ilikuwa Krismasi, uani kwetu, Mama akitwanga huku akiniuliza dhahabu ya nchi hii iko wapi basi, nami nikamjibu hivyo kwa mzaha. Tulikuwa watatu. Wewe ulikuwa umeshika simu, ukasema unarekodi ili watoto wako wamjue shangazi yao.

Nilitaka nikosee. Nikaenda Masumbwe, Pantaleo akanipeleka kwa msimamizi wa duara lile. Hakunijua mimi ni nani. Alikusifu sana. Alisema bosi wake Stanslaus wa Mwanza ana akili, watu walikuwa hawataki kuchimba pale, lakini baada ya ile sauti walikuja wenyewe, na kila aliyetoa mawe aliacha fungu la bosi. Najua hukujua kwamba Baba atakwenda. Lakini ulijua baba za watu wengine watakwenda. Na alipovunjika, uliniacha niubebe msalaba wako, ukawa unanipa pole.

Jana niliwaambia wazazi. Mama alijifunika uso kwa kanga. Baba akanigeukia, mara ya kwanza tangu wodini, nikadhani nimempata tena baba yangu. Akasema, "Usimsingizie mwenzio. Stanslaus ndiye anayelipia matibabu yangu." Akarudi ukutani. Sauti uliyoishona wewe aliiamini akaifuata mpaka shimoni. Mimi mwenyewe, nikiwa mbele yake, haniamini.

Redioni sitalitaja jina lako. Wala sitaki urudishe chochote. Panda basi, uje ukae kando ya kitanda chake, umwambie kwa kinywa chako. Ukishindwa, usinipigie tena.

Nisalimie wifi na watoto. Wao hawana kosa. Mama naye anakusalimu. Ndivyo alivyoniambia niandike, kisha akatoka nje.

Ni mimi, mdogo wako,
Asteria