Mita Mbili za Sakafu Tambarare

KITUO CHA POLISI, WILAYA YA TATU, VIENNA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hermine Pospischil
Umri: miaka 59
Kazi: mhudumu wa ukumbi, makumbusho ya Nyumba ya Mawimbi
Makazi: Erdberg, Vienna
Tarehe na saa: 14 Machi 2019, saa 9:40 alasiri

Huu ni mwaka wangu wa kumi na saba katika Nyumba ya Mawimbi. Zamu yangu ni ghorofa ya pili, kwenye picha za bustani. Humo hakuna ukuta ulionyooka wala madirisha mawili yanayofanana. Miti imepandwa vyumbani na matawi yametokea nje, na sakafu ya vigae inapanda na kushuka kama shuka lililotandikwa kwa haraka. Asubuhi jua likipita kwenye vioo vya rangi, huwa naiona sakafu inapumua. Inspekta ameniuliza kama huwa nasinzia kazini. Sisinzii. Ndivyo palivyo.

Alois Nemetz, miaka 71, fundi vigae mstaafu, nilimfahamu mwezi Oktoba mwaka jana. Alikuwa ametoka kuugua kiharusi, na mguu wa kushoto aliuburuta. Aliletwa na binti yake, Gudrun, aliyetaka kumchangamsha. Mzee alisimama mlangoni akaitazama sakafu kwa dharau.

"Aliyebuni hii alikuwa amelewa," akasema.

"Na fundi aliyeitandika je?" nikamuuliza.

"Mmoja wao ni mimi, bibi. Na sikuwa nimeonja hata tone."

Kisha akaingia. Barabarani watu walikuwa wakimpisha kwa huruma, na jambo hilo alilichukia kuliko ugonjwa wenyewe. Humu ndani kila mgeni anayumba. Wanapapasa kwa miguu, wanashika kuta, vijana kwa wazee, hata askari walio likizo. Nilimwona amesimama katikati ya ukumbi akiwatazama kwa muda mrefu. Halafu akaiweka fimbo yake begani, akatembea. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Alizunguka chumba mara nne.

Tangu siku hiyo alikuja kila siku, saa nne kamili asubuhi. Mimi nilimwita Bwana Fundi, naye akaniita Bibi Mlinzi wa Mabonde. Siku asipofika nilikuwa namkasirikia kila mtu. Nalisema hili kwa sababu nimeambiwa niseme yote.

Taabu ilikuwa kwenye dirisha la kona. Alianguka pale tarehe 8 Januari, tarehe 29 Januari na tarehe 26 Februari. Mara ya tatu alipasuka juu ya jicho. Nilimpigia simu Gudrun kama inavyotakiwa. Alifika analia.

"Bi Pospischil, akianguka tena nampeleka nyumba ya wazee," aliniambia. "Fomu za kumwomba hakimu anikabidhi mambo yake, kwamba hana tena akili timamu, nimeshazijaza. Nyumbani anaanguka, huku anaanguka. Mimi nina mikono miwili tu."

Sikumlaumu, na leo pia simlaumu.

Mnamo tarehe 5 Machi, kama saa tano asubuhi, mzee aliketi nami kwenye benchi. Nilikuwa nimemletea keki ya jibini. Nilimuuliza kwa nini anaangukia mahali pale pale. Alikula keki yote kwanza, ndipo akajibu.

"Pale ni tambarare," alisema. "Miaka ishirini na tisa iliyopita nyapara alituamuru tufuate mabonde. Nikafuata siku kumi na moja, kila jioni narudi nyumbani najiona tapeli. Siku ya kumi na mbili, nyapara alipokwenda kula, nikajaza saruji pale dirishani, nikaweka pimamaji, nikatandika mita mbili kama baba alivyonifundisha. Hakuna aliyegundua mpaka leo. Mguu huu umeshazoea kupanda na kushuka. Ukifika pale unatafuta kilima, haukioni. Ile ndiyo kazi yangu safi kuliko zote humu ndani, Hermine, na ndiyo inayoniangusha."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina.

Mnamo tarehe 12 Machi, Jumanne, saa nne kamili asubuhi, alifika akiwa na begi mgongoni. Ndani mlikuwa na patasi, nyundo, mwiko na mfuko mdogo wa saruji. Hakuniomba ruhusa. Mimi nilikwenda stoo, nikachukua kamba na kibao cha UKARABATI, nikaviweka. Watu wa Vienna wakiona kibao hicho hawaulizi. Wanapita pembeni wakilalamika. Wanawake wawili walimwambia kazi kama hiyo hufanywa wakati pamefungwa. Mkurugenzi mwenyewe alipita saa 5:30, akamwambia, "Kazi njema."

Aling'oa vigae thelathini na kimoja. Kila kimoja alikiandika namba mgongoni kwa chaki na kukilaza juu ya gazeti. Alivunja saruji yake ya zamani, akachanganya mpya. Kisha akafumba macho, akawa anaipapasa kwa kiganja, anaishusha hapa, anaipandisha pale. Chumba kilikuwa kimya na kivuli cha majani kilikuwa kinatembea mgongoni mwake. Sijui muda ulikwenda vipi. Niliona haya kumtazama, na nikaendelea kumtazama.

Saa 7:20 mchana Gudrun alifika akimtafuta. Alisimama kwenye kamba akasema, "Baba, unafanya nini hapo chini?" Alisema kwa sauti, na hapo ndipo wote walipojua kuwa hakuna ukarabati. Mkurugenzi aliita polisi. Mzee alikuwa amebakiza vigae viwili. Aliviweka polisi wakiwa ngazini.

Saruji ilikuwa mbichi, hivyo hakuweza kupita juu yake. Jana, tarehe 13 Machi, saa 3:15 asubuhi, kabla hatujafungua, nilivua viatu nikapita mimi, nimefumba macho, kutoka ukuta hadi ukuta. Sikuweza kujua kazi ya zamani inaishia wapi.

Nimeulizwa kama mzee alikuwa na akili timamu, kwa kuwa jibu langu litapelekwa kwa hakimu. Alikuwa nazo. Alijua alikosea wapi, akarudi kupatengeneza, na namba za vigae hakukosea hata moja. Kamba niliiweka mimi. Kama ni kosa, na mimi niandikwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Sikushurutishwa na mtu.

(Sahihi) H. Pospischil

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika mimi, Inspekta Lukas Haslinger, na kumsomea shahidi. Pale anapotajwa Alois Nemetz kwa mara ya kwanza, niliandika "mzee aliyechanganyikiwa". Shahidi alikataa kutia sahihi hadi maneno hayo yafutwe. Yamefutwa, pameandikwa "fundi vigae mstaafu", na shahidi ametia sahihi pembeni. Kwa ridhaa yake, maelezo haya amesomewa pia binti wa mzee, aliyekuwa akisubiri nje na fomu zake. Alisikiliza hadi mwisho, saa 11:05 jioni. Aliuliza tu kama kesho makumbusho yanafunguliwa saa nne.