Maji Uliyokuwa Ukiyaonja

Baba,

Shikamoo. Nimeandika salamu, nikaweka kalamu chini, nikangoja. Mazoea.

Jembe lako amelichukua Baba Mdogo. Koti lako bado liko msumarini. Mama hataki liguswe. Mimi sijalia tangu tulipokuzika, kabla ya uwele kuvunwa. Watu wanasema, "Huyu kasoma mpaka moyo umekauka." Labda. Nafundisha, nasahihisha madaftari, nakula nikiletewa. Chakula hakina ladha.

Jumamosi niliwapeleka wasichana wa shule kutazama zile nyumba za kale kando ya Ziwa Singidani, zilizojengwa wakati wa Mjerumani. Aliyetualika ni memsahibu, mke wa Bwana Shauri, yule Mwingereza anayetawala wilaya. Tulianzia ile yenye ngazi za mawe, ambayo sasa inakaliwa na popo. Bustani yake imebaki minyaa tu. Ya pili ina veranda ndefu, na wasichana waliruhusiwa kuchungulia madirishani. Ya tatu, anayokaa memsahibu, ni yako. Nasema yako. Miaka yote uliyotunza bustani ile sikuwahi kupita lango lake. Ulinialika mara nyingi. Nilikuwa na masomo.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Memsahibu alisema kwa Kiingereza kwamba mawaridi yake yalikuwa sifa ya wilaya nzima, ila mwaka huu jua limezidi. Nikatafsiri. Kingo za majani zilikuwa za kahawia, kama karatasi iliyopitishwa motoni. Mtu aliyeshika kazi yako alikuwa akimimina debe, na nyayo zake mbichi zilitokea ziwani, si kisimani.

Wewe, hata kwenye maboga ya nyumbani, katika kila debe ulichovya kidole, ukaonja, ukatema. "Ua halina mdomo wa kukataa, Mama," uliniambia. Uliniita Mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yako.

Tena nikakumbuka siku uliyokuja kunitembelea shuleni, nilipokuwa bado mwanafunzi. Ulipewa maji mbele ya walimu. Ukachovya kidole, ukaonja, ukatema mlangoni. Wasichana wakaangua kicheko. Mwenzangu akaniuliza, "Yule mzee ni nani kwako?"

Nikasema, "Ametumwa kutoka nyumbani."

Ulisikia. Najua ulisikia, maana mwalimu alipokuuliza umefuata nini, ulivua kofia ukasema, "Nimetumwa tu, Bibi." Ukaniachia karanga ulizonikaangia, ukaondoka kwa miguu. Hatukulizungumza kamwe.

Basi Jumamosi nilipiga magoti kando ya lile debe. Nikachovya kidole. Chumvi. Nikatema palepale, mbele ya memsahibu na wasichana wote.

"Mwalimu katema mate!" mmoja akanong'ona, na wengine wakacheka.

Yule mtunza bustani akajitetea: "Kisima kiko mbali, Mwalimu. Kwani maji si maji?"

Nikamweleza memsahibu kwamba maji ni ya chumvi, ya ziwani, naye akauliza nimejuaje. Ningeweza kusema nimesoma kitabuni. Neno hilo lilishafika mdomoni, Baba. Nikamjibu kwa Kiingereza, nikarudia kwa Kiswahili ili wasichana wasikie, kisha kwa Kinyaturu, kwa ajili yako: aliyeyapanda mawaridi haya ni baba yangu, na hivi ndivyo alivyofanya.

Kicheko kikaisha. Mtunza bustani akamwaga maji yaliyobaki njiani, akashika njia ya kisimani.

Sikulia. Lakini ile chumvi ilikaa ulimini mpaka jioni. Ndicho kitu cha kwanza nilichokionja tangu uondoke.

Matawi mawili yameshakufa. Mengine sijui. Nitapita kila Jumamosi kuonja debe, mpaka yule bwana azoee. Na atakayeniuliza tena wewe ni nani kwangu, nitamjibu kabla hajamaliza swali.

Pumzika, Baba. Siku ile hukutumwa na mtu. Ulikuja kuniona.

Mwanao, uliyemwita Mama.